Taa, Vali au Neli? Maneno ya Mafundi wa Redio Mjini Arusha

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia fupi ya maneno yaliyotumiwa na mafundi wa redio mjini Arusha, na katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, walipokuwa wakitengeneza na kutunza vyombo vya kukuza umeme vinavyotumia taa za ombwe. Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya kuchimbua msamiati wa vyombo ambavyo vingi vimekwisha tupwa jalalani. Jibu letu ni kwamba havijesha vyote, na kwamba maneno yaliyozaliwa pamoja navyo yangali vinywani mwetu, mengine yakiwa na kasoro zile zile za siku za kwanza. Tena kasoro moja kati ya hizo tuliiona ikimwangusha mtu chini mbele ya macho yetu, nasi tutaifikia.

Tumeichagua Arusha kwanza kwa sababu ndiko tulikojifunza kazi hiyo, tukiwa wasaidizi wa fundi mmoja mwenye chumba kidogo karibu na Soko Kuu. Pili, ni mji ambao redio imeacha alama hata katika majina ya mahali. Abiria wa daladala husema "Nishushe Philips" bila ya kufikiri kwamba anataja jina la Waholanzi waliotengeneza redio na taa zake, ambao kiwanda chao cha kuunganisha redio kilikuwa hapo hapo Arusha. Vijana wengi hudhani Philips alikuwa mzungu mwenye shamba la kahawa.

Kabla ya kufika kwenye taa zenyewe, inafaa tuseme kidogo juu ya neno lililotangulia. Wazee wetu walipoona kwamba habari zaweza kwenda mbali bila ya nguzo wala waya, waliiita kazi hiyo "simu ya upepo". Neno simu lina asili ya Kiajemi, na huko lina maana ya waya. Kwa hiyo simu ya upepo, tukiichambua, ni waya wa upepo, yaani waya usiokuwa waya. Hakuna aliyelalamika. Jina lilieleweka, likatumika polisi, bandarini na misioni kwa miaka mingi. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba neno haliharibiki kwa kuwa na mgongano ndani yake, mradi wanaolitumia wote wanaelekeza kidole kwenye kitu kimoja. Tatizo huanza pale kidole kinapoelekea huku na huku.

Mfano ulio karibu ni "masafa mafupi". Masafa ni umbali, na mtu asiyejua atadhani masafa mafupi ni ya vituo vya jirani. Kumbe ufupi unaosemwa ni wa wimbi lenyewe, na mawimbi hayo mafupi ndiyo yanayokwenda mbali kuliko yote, kwa kuwa hupiga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mara nyingi. Mkulima wa Oldonyo Sambu aliyetaka kuisikia London alifungulia masafa mafupi, naye alijua hivyo kwa mazoea ya kidole chake kwenye kitufe, wala hakufundishwa na neno.

Mawimbi hayo ndiyo uwanja wa watu tunaowakusudia hasa katika makala haya, yaani wale wanaorusha redio kwa kupenda kwao, bila ya malipo, ili wajifunze, wafanye majaribio na kuzungumza na wenzao walio mbali. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 uliwatambua na kuwatengea sehemu zao za mawimbi. Wakati wa utawala wa Waingereza majina ya hewani ya warushaji wa Tanganyika yalianza kwa VQ3. Baada ya uhuru yakawa 5H3, na ndivyo yalivyo hata leo chini ya leseni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003. Kwa Kiswahili tuwaiteje? Wapo wanaosema "wapenzi wa redio", lakini mpenzi wa redio ni yeyote anayesikiliza salamu za jioni. Lugha ya michezo imekwisha tupa njia: mwanamichezo asiyelipwa huitwa wa ridhaa. Basi na hawa ni warushaji wa ridhaa. Mtu anaweza kutuambia kwamba ridhaa ni idhini, na kwamba kila mrushaji anahitaji idhini ya serikali. Ni kweli, huyu ana ridhaa mbili, ya moyo wake na ya mamlaka, wala neno haliharibiki kwa hilo.

Sasa tuitazame taa. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ndani yake mkiwa na waya unaowaka na bamba la madini, akaona kwamba umeme hupita kutoka waya kwenda kwenye bamba wala haurudi. Aliifananisha na kilango cha bomba kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na Waingereza wakaiita kwa jina la kilango hicho. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest alitia wavu katikati ya waya na bamba, na hapo kikuzaji kikazaliwa, kwa maana badiliko dogo la umeme kwenye wavu huleta badiliko kubwa kwenye bamba. Wamarekani hawakutazama kazi yake. Walitazama umbo, wakaiita bomba. Wajerumani nao wakaiita bomba. Wafaransa na Warusi walitazama mwanga wake wakaiita taa.

Mafundi wetu walifanana na Wafaransa bila ya kuwasikia. Katika chumba kile tulichojifunzia kazi hatukusikia neno jingine ila "taa": taa ya kwanza, taa ya mwisho, taa imekufa, lete taa. Neno "vali" lilitujia baadaye kutoka vitabuni, likiwa limetoholewa kutoka Kiingereza, nalo lilikuwa tayari na kazi katika mabomba ya maji na katika moyo wa binadamu. "Neli" ilitoka katika maabara ya kemia. Kila moja lina upande wake. Vali inataja kazi, lakini ni kazi ya ile chupa ya Fleming tu. Taa ya kukuza haifungi na kufungua mlango, hupima mkondo kama mtu apimaye maji kwa kidole kwenye mdomo wa bomba. Neli inataja umbo, na umbo ndilo jambo la mwisho analolihitaji fundi. Taa inataja kile kinachoonekana na kila mtu, na hapo ndipo penye uzuri wake na hatari yake pia.

Tueleze hatari hiyo. Mteja alipokuja kutoka Ngaramtoni au Usa River na redio mabegani, aghalabu alisema: "Fundi, taa zote zinawaka, lakini haisemi." Kwake, taa inayowaka ni taa nzima, kama ilivyo ya dari. Kumbe mwanga ule ni wa waya wa kupasha moto tu. Kinachofanya kazi ni kathodi, ambayo hupakwa unga mweupe unaotoa elektroni ukipata moto, na unga huo huisha nguvu miaka inapopita, wakati waya ukiendelea kung'ara kama siku ya kwanza. Mafundi waliita hali hiyo "kuchoka". Tunaliona neno hili kuwa bora kuliko maelezo marefu ya vitabu, kwa sababu linatenganisha kufa na kuchoka. Taa iliyokufa haiwaki. Taa iliyochoka inawaka, na sauti yake ni ndogo, na ukiiongezea umeme wa kupasha moto hupata nguvu kwa muda mfupi kisha ikaanguka kabisa.

Yako na mengine ya namna hiyo. Juu ya kioo, kwa ndani, taa nyingi huwa na doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Hilo ni madini yaliyotiwa makusudi ili yanyonye hewa kidogo iliyosalia. Kioo kikipata ufa, hata usioonekana, hewa huingia na doa hugeuka jeupe kama maziwa. Mzee wetu aliliita doa jeupe hilo "mtoto wa jicho". Hakuhitaji testa, aliinua taa dirishani, akatazama, akasema "huyu ana mtoto wa jicho," akaitupa katika debe. Hatudai kwamba neno hilo liingizwe katika orodha ya istilahi sanifu. Tunasema tu kwamba aliyelisikia mara moja hakusahau tena dalili yake.

Kuhusu mvumo, lugha ilikuwa na upungufu. Redio ikivuma, mteja na fundi wote walisema "inakoroma", basi. Lakini kuna mikoromo miwili. Mmoja hutoka kwenye kapasita za kuchujia umeme zilizokauka, nao ukiwa na mitetemo 100 kwa sekunde, kwa kuwa kinyooshi cha umeme hufanya kazi mara mbili katika kila mzunguko wa umeme wetu wa mizunguko 50. Mwingine ni mzito zaidi, wa mitetemo 50, na mara nyingi huonyesha kwamba umeme wa kupasha moto unavujia kwenye kathodi ndani ya taa. Sikio lililozoea hutofautisha mara moja, kama litofautishavyo ngoma kubwa na ndogo. Tungekuwa na maneno mawili, msaidizi angejua aanze kwenye kapasita au kwenye taa. Kwa kukosa, alibadilisha kimoja kimoja mpaka jua likazama.

Tuje kwenye neno "kuiva". Bamba la taa linapopitiwa na mkondo mkubwa kupita kiasi huwa jekundu. Fundi alisema taa "inaiva", akazima upesi. Katika redio ya mezani alikuwa na haki: taa ndogo ya kupeleka nguvu kwenye spika, ikiwa nyekundu bambani, ni mgonjwa, na sababu yake mara nyingi ni kapasita ya kupitishia sauti iliyoanza kuvuja hata ikautia wavu umeme usiotakiwa. Kubadilisha taa bila ya kubadilisha kapasita ni kuipeleka taa mpya kwenye moto ule ule. Lakini mrushaji wa ridhaa huweza kuwa na taa ya namba 3-500Z, ambayo bamba lake limetengenezwa makusudi liwe jekundu likiwa kazini. Wekundu huo ndio unaoliwezesha bamba kunyonya hewa iliyosalia ndani. Taa hiyo isipopata moto kwa miaka, ikikaa tu sandukuni, ndipo huharibika. Hivyo dalili ya ugonjwa kwa taa moja ni dalili ya afya kwa nyingine, na neno "kuiva" haliwezi kuwa istilahi ya hitilafu mpaka lifuatwe na jina la taa.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya namba zilizoandikwa juu ya kioo. Watengenezaji wa Ulaya, Philips wakiwamo, walikuwa na utaratibu wa herufi ambao mafundi wetu waliusoma kama alifu na be, hata wale waliojua Kiingereza cha salamu tu. Chukua taa iliyoandikwa EL84. Herufi E husema kwamba waya wa kupasha moto unataka volti 6.3. L husema ni taa ya mwisho, ya nguvu. Namba hueleza umbo la kitako na zamu ya taa hiyo katika ukoo wake. ECC83 ni mapacha wawili wa C ndani ya kioo kimoja. EZ80 ni ya kunyoosha umeme. Herufi ya kwanza ikiwa D, taa ni ya betri kavu, kama zile zilizotumika vijijini ambako nguzo za umeme hazijafika. Wamarekani waliiita EL84 hiyo hiyo 6BQ5, jina ambalo, mbali na namba ya mwanzo inayodokeza volti, halimwambii fundi kitu. Tungependa wanaounda istilahi za Kiswahili wautazame utaratibu ule wa herufi kwa makini, maana ni msamiati mzima uliojengwa kwa vipande vichache, na kila kipande kina maana moja isiyobadilika.

Kipande kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha uhai na mauti. Taa zilizoanza kwa herufi U zilitumika katika redio zisizokuwa na transfoma, ambazo bati lake la ndani liliungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Plagi ikigeuzwa, bati lote huwa na umeme, na aligusaye huku amesimama juu ya sakafu ya udongo amejitafutia. Mzee wetu alitukataza kugusa redio yoyote kabla ya kusoma herufi ya kwanza. "Ukiona U, ujue umeme uko mlangoni," alisema, nasi tulisoma.

Sasa tuingie kwenye neno ambalo limetusumbua kuliko yote, "kipaza sauti". Lilitokana na usemi wa asili, kupaza sauti, na lilifanya kazi nzuri siku ambazo mwananchi alikiona chombo hicho chote kwa pamoja mkutanoni: kitu cha kusemea, sanduku katikati, na tarumbeta juu ya mti. Vyote vitatu vilikuwa kipaza sauti. Hata leo kamusi na magazeti hutumia neno hilo kwa maikrofoni na kwa spika pia. Katika mkutano hakuna hasara. Katika karakana hasara ipo. Siku moja shule moja ya upande wa Tengeru ilituletea sanduku lake lenye taa nne pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa hati nzuri: "Kipaza sauti hakifanyi kazi." Tulilifungua, tukapima kila taa, tukabadilisha kapasita mbili ambazo hata hazikuwa mbovu sana, tukamaliza siku mbili. Sanduku lilikuwa zima tangu mwanzo. Kilichoharibika ni kile cha kusemea, na hicho walikuwa wamekiacha shuleni kabatini. Mwalimu hakukosea Kiswahili. Aliandika sawasawa, nasi tulisoma sawasawa, na gari la kukodi lililipwa mara mbili.

Kwa sanduku la katikati, neno "kikuza sauti" lilijitokeza baadaye na limefaa. Kile cha kusemea kingeweza kuitwa kinasa sauti, lakini jina hilo limekwisha chukuliwa na mashine ya kurekodia, kwa hiyo "maikrofoni" ikabaki, na hatuoni sababu ya kuifukuza. "Spika" nayo imekwisha ota mizizi. Hata hivyo kikuza sauti kina mpaka wake. Chombo cha mrushaji wa ridhaa, kile kinachotia nguvu mawimbi kabla ya kuyapeleka kwenye eriali, hakikuzi sauti hata kidogo. Ukikiwekea sikio utasikia feni tu. Kinachokuzwa ni mawimbi. Ndiyo maana tunapendelea "kikuzaji" liwe jina la ukoo, kisha kila mtoto aitwe kwa kazi yake: kikuzaji cha sauti, kikuzaji cha mawimbi. Na kile ambacho Waingereza hukisifu kwa neno la mstari, kwa kuwa kinachotoka hulingana na kilichoingia isipokuwa kwa ukubwa, tumewahi kukiona kikiandikwa "kikuza mstari". Msomaji atafikiri ni rula. Sisi tungekiita kikuzaji aminifu, maana hakiongezi lake wala hakipunguzi.

Kikuzaji cha namna hiyo ndicho kilicholeta msiba tuliouahidi mwanzoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kililetwa chumbani kwetu kutoka kwenye nyumba moja ya mlimani, sanduku zito la kijivu lililobebwa na vijana wawili. Mwenyewe, mtu mwungwana, alikuwa amebandika juu yake maelezo ya usalama kwa Kiswahili ili asidhurike mtu. Yalisema: "Zima na uchomoe waya kabla ya kufungua." Msaidizi mwenzetu, kijana mwangalifu kuliko sisi sote, alizima. Akachomoa waya. Akafungua kifuniko, akatia mkono. Tulisikia mlio kama wa kiboko, na alipotua alikuwa upande wa pili wa chumba chini ya rafu. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena vizuri, naye aliacha kazi ya redio akaenda kulima kahawa kwa baba yake.

Baadaye tulimwuliza mwenye chombo, naye alituonyesha kitabu cha Kiingereza alimotafsiri. Kitabu kilitaja mambo matatu: kuzima, kuchomoa, na kuiondolea kapasita umeme uliosalia. Hilo la tatu alikosa neno lake, akaliacha, akidhani kuzima kunatosha. Hatumlaumu. Kwa Kiswahili, kitu kilichozimwa kimezimwa. Moto uliozimwa hauchomi. Lakini kapasita haizimwi. Kapasita zenye jumla ya maikrofaradi 50, zikijazwa hadi volti 3,000, huhifadhi nishati ya juli 225, ambayo ni sawa na ya mzigo wa kilo 23 ulioanguka kutoka kimo cha mita moja, na yote hiyo hupita mkononi kwa kufumba na kufumbua. Ndani ya chombo kama hicho huwamo kinzani iliyowekwa kwa kazi ya kuumaliza umeme huo polepole. Ikiwa ni ya omu 100,000 na ni nzima, nusu dakika hutosha. Ikiwa imekatika, na ile ya chombo chetu ilikuwa imekatika, umeme hukaa kwa saa nyingi ukingoja.

Toka siku hiyo mzee alitengeneza fimbo kavu yenye ndoano ya shaba kwenye ncha, na waya mnene uliotoka kwenye ndoano hadi kwenye bati la chombo. Aliita kazi yake "kumwaga". Hakuna aliyetia mkono ndani ya chombo chochote kabla ya kumwaga, na alitaka jibu la maneno.

"Umezima?"

"Nimezima, mzee."

"Umemwaga?"

"Nimemwaga, mzee."

"Mwaga tena."

Mara ya pili haikuwa mzaha, maana kapasita iliyomwagwa huweza kurudisha umeme kidogo ndani yake baada ya dakika chache. Tumetafuta katika maandishi tuliyo nayo neno lililo zuri kuliko hilo, na hatujaliona. "Kuondoa chaji" ni sahihi, lakini huondoi kitu kwa haraka. "Kumwaga" linabeba ndani yake wazo kwamba chombo kilikuwa kimejaa. Ndilo wazo alilolikosa mwenzetu.

Kuna jambo jingine katika mkasa huo linalohusu lugha. Watu walipohadithiana walisema kijana "amepigwa shoti". Siku iliyofuata redio moja iliunguza fyuzi kwa sababu nyaya mbili ziligusana, nayo pia ilisemwa kuwa "imepiga shoti". Yaani neno moja linataja kitu kilichompata mtu na kitu kilichoipata mashine, ambavyo havina sababu moja wala dawa moja. Mwenye kuandika taarifa ya ajali angetenganisha: mtu hupigwa na umeme, nyaya hupiga shoti. Mgawanyo huo si mgumu, na masikio ya watu yataukubali.

Kuhusu utunzaji wa kila siku hatuna mengi ya kuongeza, isipokuwa mambo ya mahali. Arusha iko kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Vitabu vya watengenezaji mara nyingi hupima upepo wa feni kwa hewa ya pwani. Fundi wa mlimani aongeze upepo, au apunguze nguvu. Vumbi la huku nalo lina asili ya volkano, ni laini kama unga, na wakati wa kiangazi hujaza mapezi ya kupozea na kujipanga juu ya vihami vya umeme mkali. Masika yanapoanza mwezi wa Machi, vumbi hilo hushika unyevu na kuwa njia ya umeme. Kwa hiyo usafishaji ufanywe Februari, kabla ya mvua. Mzee wetu alitumia brashi ya kupakia rangi na spiriti, na baada ya kumwaga, bila shaka. Soketi za taa alizikwangua kwa kijiti. Nusu ya taa tulizodhani zimekufa zilikuwa na kutu miguuni tu.

Chumba kile sasa kinauza simu za mkononi na vifuniko vyake. Taa za redio za mezani zimeondoka, kwa kuwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilikwisha zichukulia kazi. Taa kubwa za kurushia zingali zinatengenezwa, na warushaji wa ridhaa wangali wanazinunua. Neno "wavu" limeondoka pia. Vitabu viliandika "gridi", na leo ukilitaja mjini kila mtu atafikiri habari za umeme wa taifa.

Limebaki jambo dogo moja ambalo tungependa wasomaji walitolee maoni. Ile kinzani ya kumaliza umeme, ambayo kukatika kwake kuliviharibu vidole vya mwenzetu, haina jina la Kiswahili linalokubaliwa na wote. Mafundi wawili tuliowauliza walitupa majina mawili: mmoja aliiita "mlinzi", wa pili "kimwagio". Tunalipendelea la pili, kwa sababu linataja kazi na linatokana na neno ambalo tayari tunalo. Mwenye "mlinzi" alitupinga akasema kimwagio huweza kuungua kikaacha kumwaga, na jina likawa uongo. Tulimjibu kwamba walinzi nao hulala. Alicheka, akaenda akaitoa ile fimbo ya mzee nyuma ya mlango, mahali ambapo imening'inia siku zote.